Kirikuu Nyuma Yangu

Jumapili, 1 Septemba. Kilwa Masoko

Lukas kaninunulia daftari. Anataka niandike kila siku kilomita, chakula na usingizi. Haya: kilomita sitini, ugali na pweza, nimelala fofofo. Hayo ni yake. Yanayobaki ni yangu, na akithubutu kuchungulia nitamvunja vidole anavyokazia spoki.

Mambo yenyewe ni haya. Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba kuna mbio za baiskeli kutoka hapa Masoko mpaka Mitwero, kilomita mia moja sabini na ushee. Si zile za kukimbizana kundi zima. Kila mtu anaachiwa peke yake na anashindana na saa. Mwanamke atakayemaliza chini ya saa sita anachukuliwa kambini Morogoro mwaka mzima, anafundishwa, anapewa baiskeli ya maana. Atakayechelewa hata kwa sekunde moja atapewa soda na pole.

Nina miaka ishirini na sita. Kila alfajiri nampiga pweza kwa rungu juu ya jiwe mpaka alainike, namkaanga, nafunga ndoo nyuma ya baiskeli, nakwenda Nangurukuru kuwauzia abiria wa mabasi. Miaka minane sasa. Miguu ninayo. Nikikosa kambi hii nitapiga pweza mpaka siku ya kuzikwa, na sitaki.

Jumanne, 3 Septemba

Sheria inasema kila mshiriki awe na gari la kumsindikiza, lenye maji, chakula na tairi za akiba. Huna gari, huruhusiwi kuanza. Ukoo wetu mzima una gari moja, kirikuu, kipikapu kidogo cha Hussen, mtoto wa shangazi Mwanaidi.

Nilipokwenda kumwomba, alinimwagia ndoo ya maji ya kuoshea samaki kichwani, soko zima likitazama. Ndipo akasema, "Nitakusindikiza, mke wangu wa akiba, hata ukitaka tufike Mtwara!" Nikachukua samaki changu mbichi mezani nikamtandika naye usoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Lukas alibaki mdomo wazi. Yeye ni fundi wetu na mwalimu wangu, lakini katokea Karagwe, mambo yetu hayajui vizuri. Nikamwambia: huyu ni mtoto wa shangazi, mimi ni mtoto wa mjomba wake, sisi ni watani. Anaruhusiwa kunitukana, kunipora sahani, kunisukuma mtaroni. Nami namlipiza. Mwiko ni mmoja tu, kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mkosaji, wazee wanakutoza kuku.

"Na akikuumiza?" akauliza.

"Unacheka, Mwalimu. Kisha unamuumiza na wewe."

Alhamisi, 5 Septemba

Kilomita sitini. Upepo wa kusi usoni njia nzima. Kiti kimenichuna.

Jumapili, 8 Septemba

Leo mazoezi ya kwanza na gari. Hussen anaendesha. Nyuma, kwenye bodi, anakaa mkewe Samia na ndoo ya chupa za maji. Samia ni mtoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu wa damu, na kwa Hussen naye ni mtoto wa mjomba. Bwana huyo alioa mtani wake. Harusi yao watu walicheka kuliko walivyokula.

Kazi ya Samia ni kuinama ubavuni mwa gari na kunipa chupa bila mimi kupunguza mwendo. Chupa ya kwanza ilianguka. Hussen akasimamisha gari, akashuka, akaiokota, akamvurumishia nayo kisogoni. "Mkono mlenda!" Samia akacheka. Na mimi nikacheka.

Jumatano, 11 Septemba

Kilomita sabini. Konda mmoja Nangurukuru kapiga teke ndoo yangu, pweza wote mchangani. Nimempiga mwiko wa bati wa mdomo. Jino halikutoka ila limelegea. Roho yangu imetulia.

Jumamosi, 14 Septemba

Lori la jasi limenipita karibu hivi, upepo wake ukanibwaga kwenye kokoto. Kiwiko kimeachama. Hussen akanimwagia maji ya chumvi huku anaimba. Nilimng'ata mkono, akazidi kuimba.

Aliyenisafisha ni Samia. Alitoa kokoto moja moja kwa kucha, taratibu. Alipokunja mikono ya baibui ili isilowe nikaona mikono yenyewe. Rangi ya zambarau kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko.

"Nini hii?"

"Ni Hussen. Tulikuwa tunagombania rimoti. Ananitania huyo."

"Mlipize."

"Nilimlipiza mara moja, dada," akasema, akafunga bendeji.

Kilomita tisini na nne.

Ijumaa, 20 Septemba

Mikorosho inazaa. Barabara nzima inanuka mabibo, nzi mpaka ndani ya pua.

Jumapili, 29 Septemba

Tumekwenda njia ya Kiranjeranje na kurudi. Kwenye mteremko Hussen akanigusa gurudumu la nyuma kwa bampa. Akagusa tena. Nilimsikia anacheka. Mara ya tatu nikaanguka, nikabingirika, goti likafunguka mpaka nikaona nyeupe. Nikainuka na pampu mkononi nikamvunjia kioo cha pembeni, paa! Akacheka mpaka machozi. "Mke wa akiba ana mkono! Huyu ndiye ningemuoa!" Nikajiona shujaa.

Jioni nilipeleka vipande vya kioo kwao, nikiwa na maneno yangu tayari ya kumkejeli. Nikamkuta Samia ameketi kwenye kizingiti, mdomo wa chini umepasuka, amebana kanga. Hussen yuko ndani anatazama mpira. Hakunywa hata tone, nataka hilo lieleweke. Hussen hanywi.

"Kioo," Samia akasema. Neno hilo tu.

Sasa naona. Mimi nikimpiga Hussen, hawezi kunirudishia kwa hasira, mwiko. Anacheka mbele za watu, anaibeba mpaka nyumbani, anaishusha kwa Samia. Kila ninachomlipiza mimi analipa mdogo wangu. Na yule changu wa usoni siku ile? Na meno yangu mkononi mwake? Yarabi.

Jumatatu, 30 Septemba

Sikuendesha. Goti.

Jumapili, 6 Oktoba

Samia kaja mchana, wakati Hussen yuko msikitini. Hakukaa. Alisema, "Dada, zungumza na shangazi. Mwambie aninusuru na mwanawe. Mimi nikisema, wanacheka. Juzi nimepiga kelele mpaka jirani kaja, kachungulia, kasema nyie watani mtatuua kwa kicheko, kaondoka."

Nilikuwa napaka grisi mnyororo. Nikahesabu kichwani. Nikizungumza na shangazi leo, Hussen atajua leo. Akijua, kirikuu hakitoki. Kirikuu kisipotoka, sianzi.

"Vumilia mpaka tarehe ishirini na sita," nikamwambia. "Siku ishirini tu. Nikishamaliza naenda mwenyewe kwa shangazi, wallahi."

"Sawa, dada."

Hakubisha hata kidogo. Afadhali angenitukana. Kilomita mia na kumi.

Jumapili, 13 Oktoba

Lukas kaniuliza, huku ameinamia gurudumu, "Yule bwana anamtania mkewe au anampiga?"

"Wewe mtu wa Karagwe, kaza spoki."

Akakaza. Hakuniuliza tena.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mia moja na arobaini. Lukas anasema saa tano na dakika hamsini na kitu inawezekana, kama sitakosa maji. Samia leo hakuangusha hata chupa moja. Ana uvimbe kwenye vidole viwili vya kulia, anashika kwa vitatu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kesho.

Jumapili, 27 Oktoba. Lindi



Niliachiwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, jua ndiyo linachungulia. Nangurukuru nilipita kwa dakika hamsini na saba. Wanawake wenzangu wa kituoni wakanigongea masufuria. Hoteli Tatu nikawa mbele ya hesabu kwa dakika tatu. Lukas alikuwa na pikipiki. Akapiga honi, akanipita kwenda kutusubiri daraja la Mbwemkuru na tairi. Nikabaki mimi mbele, kirikuu nyuma, na barabara.

Tulipoacha Kiranjeranje jua likawa limekaza. Kirikuu kikaja ubavuni. Samia akainama na chupa, vile vidole viwili vimesimama kama vijiti. Chupa ikateleza. Akachukua ya pili, ikateleza. Hussen akatukana, akafunga breki, matairi yakalia. Nikageuka kutazama. Alikuwa ameshashuka na spana ya magurudumu mkononi, anapanda nyuma kwenye bodi.

"Dada!" Samia akaita. "Dada! Dada Saida! Ananiua! Ananiua huyu!"

Nami, bila kuacha kukanyaga, nikapiga kelele: "Mwambie akumalize upesi, nataka maji yangu!"

Nikamsikia Hussen anacheka. Alicheka kweli, kicheko chake kile cha sokoni. Kisha nikasikia mlio. Mimi nimepiga pweza miaka minane, najua mlio wa kitu laini kikipigwa juu ya kitu kigumu. Niliujua palepale. Asinidanganye mtu na mimi nisijidanganye. Niliujua.

Nikatazama saa mkononi. Nilikuwa mbele kwa dakika nne. Nikakanyaga.

Darajani Lukas akanikimbilia, "Gari liko wapi?" Nikamwambia, "Wako nyuma, wanataniana." Nikampokonya chupa yake mwenyewe, ilikuwa nusu, naye akageuza pikipiki kwenda kuwatafuta. Kutoka hapo mpaka Mchinga sikupata tone. Ulimi ukawa mkavu kama gome. Milima ya Mchinga nilipanda huku natapika povu jeupe. Nilimlaani Hussen, nikamlaani Samia na vidole vyake, kila pedali tusi. Nilimtukana mdogo wangu kilomita hamsini nzima.

Mitwero: saa tano, dakika hamsini na sita, sekunde kumi na moja.

Walininyanyua juu. Mtu alinivisha leso ya maua shingoni. Nilikuwa bado naning'inia mabegani mwa watu ninaowajua na nisiowajua nilipomwona Lukas anakuja na pikipiki, shati lake lote damu, si yake. Dereva wa lori la korosho ndiye aliyemkuta Samia pembeni ya barabara, kwenye mabibo yaliyooza, nzi wamemfunika uso. Kirikuu hakikuwepo.

Nikawaambia wanishushe.

Jumatatu, 28 Oktoba

Taya la Samia limevunjika mahali pawili. Mkono wa kulia umevunjika, na vile vidole. Sikio la kushoto halisikii na daktari anasema halitasikia. Wamemfunga taya kwa waya, hawezi kusema.

Nilikaa pembeni ya kitanda na daftari hili mapajani kwa sababu sikujua pa kuweka mikono. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Nikampa daftari na kalamu. Hii hapa chini ni yake, nimeiacha ilivyo:

*nilikuita mara tatu*

Jumanne, 29 Oktoba

Hussen amekamatwa Nangurukuru, anakula chipsi. Polisi waliniita kituoni kutoa maelezo. Walipompitisha koridoni kanitabasamia, "Hongera, mke wa akiba. Tano hamsini na sita!" Nilimrukia. Nilimpiga kichwa cha pua, nikasikia imevunjika, nikamshika koo, askari watatu wakanibandua. Nilibaki na kucha zangu zina ngozi yake. Naye, damu mpaka kidevuni, akawaambia, "Mwacheni, ni mtani wangu huyo." Na askari wakacheka! Mmoja akaniambia, "Dada, nyie watu wa ukoo mmoja mna vituko." Wakaniweka ndani saa nne nipoe.

Sikupoa. Nilichopata ni kufikiri. Safari hii hana nyumba ya kubebea hasira yake. Ndicho kitu pekee kilichonituliza.

Jumapili, 3 Novemba. Rasbura

Kikao cha ukoo, nyumbani kwa mama mkubwa. Wanaume kwenye mkeka, shangazi Mwanaidi kwenye kiti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hongera kwa mbio." Kisha akaniambia la moyoni. "Hussen mkono umeteleza. Watoto wa mjomba na shangazi wamecheza, mchezo umezidi. Hutokea. Tutamtoza kuku saba na mbuzi, Samia atauguzwa kwangu, mume atarudi kwa mkewe. Wewe ndiye shahidi peke yako. Utawaambia polisi ulichoona, kwamba walikuwa wanataniana."

"Shangazi, alimpiga kwa spana."

"Na wewe ulimwambia nini?" akauliza polepole. "Hussen katusimulia. Eti ulisema ammalize upesi, unataka maji. Sasa kama ule ni utani, basi wote ulikuwa utani. Na kama ni kesi, Saida, na wewe umo kwenye kesi."

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Nilimtazama baba mdogo, baba mzazi wa Samia. Alikuwa anachomoa nyuzi za mkeka. Nikasema, "Baba, sema neno." Akasema, "Shangazi yako kaishasema." Nikapiga teke sinia la kahawa, vikombe vikapasukia ukutani, nikatoka. Nyuma nikasikia mtu anasema nimekasirika, nitozwe.

Miezi miwili iliyopita ningeona aibu. Leo nimeona watu wazima kumi na wawili wanalinda kicheko chao.

Ijumaa, 15 Novemba

Barua ya kambi imefika. Jina langu limeandikwa vizuri. Niripoti Jumatatu tarehe 2 Desemba, kabla ya saa kumi jioni, nafasi haiahirishwi. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo.

Ijumaa, 22 Novemba

Wito wa mahakama. Jumatatu tarehe 2 Desemba, saa tatu asubuhi. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Nilikwenda kwa karani kuomba tarehe nyingine. Mtu mzuri, kafungua kitabu. Tarehe iliyo wazi ni Februari. "Na mshtakiwa?" nikauliza. Kasema shahidi asipofika, wakili ataomba dhamana, na kwa hali ilivyo huenda akapewa. Nikarudi kwa mama mkubwa, anakouguzwa Samia tangu atoke hospitali, nikamkuta shangazi ameshakuja na teksi na mashuka mapya, kumchukua akamuuguze kwake. Samia alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mkono mzima. Nilisimama mlangoni na rungu la pweza. Shangazi kaondoka na mashuka yake.

Lukas kapiga simu kambini mara tatu. Wanasema wanasikitika, anayenifuata yuko tayari, ni msichana wa Masasi, saa sita na dakika mbili, eti sheria wamemlegezea.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua. Sikuendesha. Begi nimelifungua nikatoa nguo za mbio, nikatoa gauni la kwenda mahakamani.

Jumatatu, 2 Desemba

Samia alikaa benchi la mbele, nami nikakaa kulia kwake, upande anaosikia, mpaka nilipoitwa. Ukoo ulijaa nyuma. Hussen kizimbani, pua imepinda kidogo, kanyoa vizuri.

Nikala kiapo. Nikaeleza kuhusu chupa, spana na sauti. Wakili wa Hussen akasimama, kijana mpole, akaniuliza, "Shahidi, marehemu... samahani, mlalamikaji alipoita, wewe ulisimama?"

"Sikusimama."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa mbele kwa dakika nne."

"Si kwa sababu ulijua ni utani?"

"Hapana. Nilijua hakuwa anataniwa. Nilijua tangu Septemba."

Akafunua karatasi zake. Kisha, nadhani aliona mlango wa kupenya: "Ulimjibu chochote?"

"Nilimjibu."

"Iambie mahakama maneno uliyosema."

Nikamtazama Samia. Nikasema kwa sauti ileile niliyosema barabarani, maana sijui kuyasema kwa nyingine: "Mwambie akumalize upesi, nataka maji yangu."

Wakacheka. Nyuma kote, benchi baada ya benchi, mpaka karani akainamisha uso kwenye karatasi, mabega yanatikisika. Hussen naye alicheka, akajifuta macho. Hakimu akagonga meza. Samia peke yake alikuwa kimya, amegeuza sikio lake zima kunielekea.

Nikangoja wamalize wote. Kisha nikayarudia maneno yale, neno kwa neno.